Noeli Si Usiku Mmoja



Mvua za mwezi wa kumi na mbili zimekwisha kuloweka njia zetu, maembe yanaanguka yenyewe katika lupango, na watoto wa shule wanahesabu siku zinazobaki mpaka likizo. Wakati wa sikukuu umefika. Katika ukurasa huu wa jamaa twapenda kukaa nanyi kidogo, wazazi pamoja na watoto, ili tuzipange siku hizi kabla kelele zake hazijaanza.

Tuna neno moja la kuwaambia, nalo ni hili: Noeli si usiku mmoja. Kanisa Mama yetu halikutupa saa chache za furaha. Lilitupa majuma mengi. Kuna Majilio ya kujitayarisha. Kuna mkesha na siku ya kuzaliwa Bwana. Kuna siku ya Watoto Mashahidi, Dominika ya Jamaa Takatifu, mwaka mpya pamoja na Mama wa Mungu, Epifania, na mwishoni Ubatizo wa Bwana. Kila siku ina fundisho lake na wageni wake.

Lakini sisi twafanyaje? Jamaa nyingi humwaga kila kitu, yaani mshahara, nguvu na furaha, kati ya jioni ya tarehe 24 na asubuhi ya tarehe 26. Baada ya hapo nyumba hunyamaza. Mwezi wa kwanza unapoingia, unga umekwisha, mwenye duka anadai, baba anakwepa njia ya rafiki aliyemkopesha, na mama anauza kitenge alichokivaa mara moja tu. Watoto nao husikia maneno makali usiku, wakajifunza kwamba mwisho wa furaha ni ugomvi. Hilo ndilo linalotuhuzunisha, kwa maana Yezu alizaliwa ili kuleta amani nyumbani, wala si kuacha madeni.

Basi tuzipitie siku hizi moja moja, tuone namna ya kuzishika zote.

Majilio: kuweka akiba na kupatana

Mwezi wa kumi na mbili huanza na ukumbusho wa dada yetu, Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Alizaliwa Wamba mwaka 1939, akajiunga na masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kuvunja ahadi yake kwa Mungu. Kabla ya kufa alimsamehe yule aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Twaona kwamba si bure sikukuu yake yakaa mlangoni mwa Noeli. Yeye aliyesamehe katika saa ya uchungu mkubwa namna ile atufundisha kazi ya kwanza ya Majilio: kupatana.

Liturujia yetu yasema neno lilo hilo. Katika misale iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, tendo la toba haliko mwanzoni mwa Misa. Twaja kwanza kulisikia Neno la Mungu, twasikia mahubiri, twaungama imani; hapo ndipo twakiri dhambi zetu, kisha mara moja twapeana amani, na baada ya hapo ndipo sadaka zinapopelekwa altareni. Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa taratibu hiyo pamoja na Wakongo wa Roma tarehe 1 Desemba 2019, katika Basilika ya Mtakatifu Petro, na tena tarehe 3 Julai 2022. Fikirini maana yake: amani yatangulia sadaka. Basi nyumbani mwetu pia itangulie sahani. Kama ndugu wawili hawasemezani tangu kiangazi kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yao, mbuzi mnene wa Noeli hatawapatanisha. Mdogo na aende kwa mkubwa wake, au mkubwa ajishushe amwite mdogo wake, kabla ya tarehe 24. Kama maneno ni mazito, wamwite mzee mmoja wa shirika lao akae kati.

Kazi ya pili ya Majilio ni akiba. Mama zetu wanaijua likelemba kuliko sisi tunaoandika. Mama kumi huweka kila mmoja franka 5,000 kila juma. Kila juma mmoja wao huchukua 50,000. Baada ya majuma kumi wote wamepata. Ni njia nzuri, lakini kwa sikukuu ina kasoro: aliyepokea zamu yake mwanzoni amekwisha kutumia, na Noeli yamkuta mikono mitupu. Kwa hiyo iko namna nyingine ifaayo zaidi kwa jamaa jirani. Tuseme nyumba kumi na mbili zakubaliana kuweka franka 4,000 kila juma, wala hakuna anayezigusa mpaka mwisho. Kila juma zaingia 48,000. Kwa majuma kumi na mawili zafika 576,000. Zikipelekwa sokoni kwa pamoja, mchele, mafuta na unga hununuliwa kwa bei ya jumla, kisha hugawanywa sawasawa. Sharti ni mbili tu: daftari iandikwe mbele ya wote, na mwenye sanduku asiwe ndiye mwenye ufunguo. Urafiki mwingi umevunjika kwa kukosa daftari.

Mtasema, mwaka huu tumekwisha kuchelewa. Ni kweli kwa yule ambaye hajaanza. Yeye na aanze mwaka ujao, shule zinapofunguliwa, na kwa sasa apime alichonacho. Baba na mama wakae usiku mmoja, watoto wakiisha kulala, waandike karatasini: hiki ni cha unga wa mwezi wa kwanza, hiki cha kodi ya nyumba, hiki cha shule, hiki cha dawa. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, hata kama ni kidogo. Wahenga walisema akiba haiozi.

Mkesha na siku ya Noeli

Wazee wetu wakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali ya Rais Mobutu iliiondoa Noeli katika siku za mapumziko ya nchi. Tarehe 25 Desemba ya mwaka ule ilikuwa Jumatano, ikawa siku ya kazi kama nyingine. Je, Yezu hakuzaliwa mwaka ule? Alizaliwa katika mioyo ya waamini, na Misa iliendelea kusomwa. Leo siku hiyo ni ya mapumziko tena, nasi twashukuru. Lakini tujiulize: kama serikali haikuweza kutunyang'anya Noeli, mbona sisi wenyewe twaiuza kwa chupa?

Hatusemi kwamba furaha ni dhambi. Bwana wetu alikaa arusini Kana. Ngoma, nyimbo na chakula ni mali yetu, na Kanisa limezikaribisha. Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na waimbaji wake watoto kwa wakubwa, walitengeneza ile Missa Luba, iliyoimbwa mwaka 1958 na kusikika mpaka Ulaya. Maneno yake ni ya Kilatini, lakini sauti na ngoma ni za kwetu. Tangu hapo watu wengi duniani walifahamu kwamba Mwafrika aweza kumchezea Mungu wake kwa heshima. Basi vijana wa kwaya, mnapofanya mazoezi majuma haya, msione uchovu. Kazi yenu ni kubwa kuliko ya muziki wa baa, ambao husahauliwa asubuhi.

Linalotusikitisha ni jambo lingine. Kuna mtoto ambaye tarehe 25 haonekani kanisani. Si mgonjwa. Hana nguo mpya. Wenzake wamenunuliwa viatu na suruali, yeye anayo ile ya shule, naye aona haya kupita mbele ya watu. Mama yake aona haya pamoja naye. Wote wawili wabaki ndani, mlango umefungwa, huku kengele yawaita. Ndugu zangu, Yezu alizaliwa zizini akavikwa vitambaa, na wachungaji waliomjia walitoka machungani usiku na nguo zao za kazi. Wao ndio walioalikwa kwanza na malaika. Nani basi ametunga sheria kwamba asiye na nguo mpya asije kumwona? Sisi ndio tuliyoitunga, kwa macho yetu yanayowapima watu mlangoni pa kanisa.

Twawaomba wazazi wenye uwezo: ukinunua nguo tatu kwa mtoto wako, nunua mbili, na ya tatu impate jirani, kwa siri, bila kumwita aje kushukuru mbele ya watu. Twawaomba wazazi wasio na uwezo: fueni nguo ya shule, ipigeni pasi, mje. Nanyi wanafunzi, twawaomba jambo dogo lakini gumu: mwenzenu akija na nguo ya zamani, kaeni karibu naye.

Nyumbani tengenezeni pango. Desturi hii yatoka kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, alitaka kuona kwa macho yake umaskini wa Mtoto Yezu, akatayarisha hori lenye nyasi, akaleta ng'ombe na punda, na Misa ikasomwa hapo. Hakununua kitu cha thamani. Watoto wetu nao hawahitaji sanamu za dukani. Udongo wa mtoni, matete na majani ya migomba vyatosha. Baba akikaa nao saa moja kufinyanga ng'ombe mwenye pembe zilizopinda, watamkumbuka mpaka uzeeni. Wakati wa jioni jamaa yote ipige magoti hapo, mtoto mdogo aweke sanamu ya Yezu, na mkubwa asome Injili ya Luka, sura ya pili.

Na ule mkesha wenyewe? Nendeni pamoja, rudini pamoja. Usiku huo barabara zina pikipiki nyingi na madereva waliokunywa. Mtoto asiachwe arudi peke yake, na msichana asiambiwe asubiri nje ya baa mpaka baba atakapomaliza. Baba anayetoka Misa na kwenda moja kwa moja kunywa lutuku hadi alfajiri amewaachia wengine Noeli yake. Asubuhi, watoto wanapoamka na furaha, wamwona amelala na viatu.

Siku zinazofuata

Tarehe 28 Desemba Kanisa lawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode. Katika nchi yetu siku hiyo haiko mbali nasi. Mnamo Noeli ya mwaka 2008, katika Haut-Uele, wapiganaji wa LRA waliwashambulia watu waliokusanyika kwa sikukuu, Faradje na mahali pengine, na mamia waliuawa katika siku zile na majuma yaliyofuata. Watoto wengi walitekwa. Mwaka 2025 vita vya Kivu viliwafukuza tena watu wengi sana katika nyumba zao. Basi tarehe 28 jamaa ikae kimya kidogo, isali kumi moja ya rozari kwa ajili ya watoto hao. Na tukumbuke kwamba Yozefu na Maria walimchukua Mtoto wakakimbilia Misri, katika Afrika yetu. Mwana wa Mungu alikuwa mkimbizi, akapata hifadhi katika bara hili. Jamaa iliyotoroka vita ikifika katika avenyu yetu, tusiseme ni wageni wanaotubana. Tuseme ni Jamaa Takatifu inayobisha hodi.

Ndiyo sababu twapendekeza kwamba Dominika ya Jamaa Takatifu iwe siku ya meza ya pamoja katika kila shirika. Tangu mwaka 1961 maaskofu wetu walikaza kwamba Kanisa la Kongo lijengwe juu ya jumuiya hai, ndogo, ambamo watu wajuana kwa majina. Hapo pa kujuana ndipo pa kulishana. Kila nyumba ilete sufuria moja: huyu bukari, huyu sombe, huyu maharage, mwenye kuku alete kuku. Wajane, wazee wasio na watoto, wakimbizi na watoto wa barabarani wakae katikati, wala si kwenye mkeka wa pembeni, wakisubiri mabaki.

Tuna ndugu wa kutuongoza katika jambo hilo. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo tangu mwaka 1982 huandaa chakula cha Noeli pamoja na maskini. Mara ya kwanza ilikuwa ndani ya kanisa la Bikira Maria wa Trastevere huko Roma, na wageni walikuwa wachache. Floribert aliwapenda watoto wa barabarani wa Goma, akawasaidia wapate kusoma. Kazi yake ilikuwa ya forodha. Walipomletea rushwa ili aache chakula kilichoharibika kipite mpakani, alikataa, kwa maana chakula kile kingewadhuru watu. Akauawa mwezi wa saba mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Wafanyabiashara Wakristu, mkumbukeni katika majuma haya ya mauzo mengi. Nyama iliyooza na unga uliopitwa na siku yake hauwi mzuri kwa sababu ni sikukuu na watu wana haraka.

Bonane, tarehe nne, na Epifania

Tarehe 1 Januari twasalimiana: Bonane! Ni siku ya Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968, kwa agizo la Papa Paulo VI, ni siku ya kuombea amani duniani. Asubuhi hiyo ni desturi nzuri watoto kwenda kwa nkambo wao kuomba baraka. Msiende kwa kuomba zawadi tu. Chukueni ndoo, mtekeeni maji; shikeni fagio, mfagilieni uwanja; kisha kaeni chini, mwulizeni habari za zamani. Mzee aliyesikilizwa saa moja amepata Bonane yake.

Tarehe 4 Januari nchi yetu yawakumbuka mashahidi wa uhuru, waliouawa Léopoldville mwaka 1959. Ni siku ya mapumziko. Wazazi wawaeleze watoto kwa nini shule na ofisi zimefungwa. Mtoto asiyejua maana ya sikukuu za nchi yake atazifanya za kulala tu.

Halafu yaja Epifania, sikukuu ya mamajusi. Wengi wakati huo wamekwisha kuvunja pango na kuzima taa, kana kwamba wageni kutoka mbali wamefika wakakuta mlango umefungwa. Tusifanye hivyo. Siku hii ni ya watoto kwa namna ya pekee, kwa maana Kanisa laikumbuka kazi ya Utoto Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa sarafu zao ndogo. Watoto wa Kizito-Anuarite, na ninyi vijana wa Kiro na Xaveri, hapa pana kazi yenu. Wekeni akiba ya franka za peremende tangu leo. Siku ya Epifania mzipeleke pamoja na sabuni na chumvi kwa wagonjwa hospitalini wasio na ndugu, au kwa wafungwa, ambao wengi wao hula kile tu wanacholetewa na watu wa nje. Mwende pamoja na padri au mkubwa wa chama, kwa ruhusa na kwa utaratibu. Mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Kipande cha sabuni kilichotoka katika mfuko wa mtoto maskini hakikosi thamani mbele ya Yezu. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Mwaona basi, wasomaji wapendwa, kwamba aliyefuata njia hii hakupoteza sikukuu hata moja. Alikula kidogo tarehe 25, lakini alikula tena na jirani zake Dominika iliyofuata. Hakununua nguo tatu, lakini alimwona mtoto wa jirani amekuja Misa. Mwezi wa kwanza ulipoingia, unga ulikuwako, mwenye duka alimsalimu njiani, na nyumbani hapakuwa na kelele. Furaha yake ilienea siku nyingi kama mvua ndogo inayoingia udongoni, wala si kama ile ya dhoruba inayochukua mbegu na kuacha mfereji.

Wazazi, usiku huu tafuteni ile karatasi mkaandike. Wanafunzi, anzeni kutafuta udongo wa pango. Nasi twawaombea ninyi nyote, na hasa wale watakaoipitisha sikukuu hii mbali na nyumba yao, Noeli yenye amani na Bonane yenye baraka.